Mahali Pekee Pakavu Nyumbani kwa Shangazi

Kwetu Kisangani picha haichakai, inaliwa. Huanza doa dogo la manjano kwenye pembe, nawe unalipuuza. Mvua zikipita, doa limeshafika begani kwa mtu. Siku unaposema leo niitoe kwenye albamu niihamishie mahali pazuri, unakuta nailoni imeing'ang'ania. Unavuta polepole, unapuliza, unamwomba Mungu, na mwisho uso wa mtu unabaki kwenye nailoni, wewe umeshika karatasi nyeupe.

Hivyo ndivyo tulivyompoteza shangazi yangu mara ya kwanza. Alikuwa na picha moja ya maana, ya siku ya harusi yake, na kaka yake, yaani baba yangu, ndiye aliyeitunza. Aliitunza kweli. Albamu aliifunga kwenye kitambaa, akaitia ndani ya sanduku la bati, sanduku akalipiga kufuli na kulisukuma chini ya kitanda, na ufunguo akatembea nao. Labda alidhani unyevu unapiga hodi mlangoni. Tulipofungua baadaye, bwana harusi alikuwepo na kanzu yake na kofia yake, na pembeni yake ilisimama nguo ya bibi harusi bila mwenyewe. Baba aliona aibu, hakuweza kula siku hiyo. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Bon, alioaka nguo," alisema. "Ndiyo maana hakunisikiaka hata siku moya."

Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa bado wa kubebwa, na shangazi akanibeba. Nilipoweza kujipikia, mumewe aliyekuwa akiuza samaki alimhamishia Barumbu, chini kwenye mto, upande wa Basoko. Mume akafa, yeye akabaki huko na binti yake, ambaye mimi namwita dada. Sikumwona mara nyingi baada ya hapo, kwa sababu mto ni mrefu na maboti yetu unayajua, au kama huyajui una bahati.

Mimi nikawa mpiga picha. Katika familia zetu za zamani za Kiislamu hapa mjini, harusini wanawake hukaa ndani peke yao, buibui zimevuliwa, nywele wazi, na mwanamume mwenye kamera haingii huko. Mimi naingia. Kwa hiyo kazi nilikuwa nayo, na kamera nilikuwa nayo, mtumba iliyotoka Kampala kwa kupitia Bunia. Tangu siku ilipofika Kisangani, ilikuwa inakufa.

Nilijaribu kila kitu. Kwenye intaneti kuna watu wasafi sana wanaokueleza namna ya kutunza kamera kwenye nchi za mvua. Wanasema uinunulie kabati linalokausha hewa kwa umeme, mchana na usiku. Umeme. Nilicheka peke yangu chumbani gizani. Wanasema pia uweke vile vifuko vidogo vya chembe zinazonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nikazunguka sokoni nikiwaomba wauza viatu, mpaka wakadhani nachemsha dawa ya mapenzi. Nilivijaza kwenye mkoba wangu. Kumbe vilikuwa vimeshakunywa vya kutosha njiani kabla ya kutufikia, havikuwa na kiu tena. Mchele wa kukaanga ulikausha kamera kidogo na kuleta panya wengi. Chumvi niliijaribu mara moja tu, asubuhi nikakuta supu.

Msimu mmoja wa mvua kioo cha nyuma, kile kinachokuonyesha picha uliyopiga, kilizimika na hakikuwaka tena. Tangu hapo nilipiga nikiwa na imani tu, nikaona matokeo nikifika kwenye kompyuta. Kisha kuvu ikaingia kwenye tundu la kuchungulia, ikatanda nyuzi zake, na kila nilichokitazama kikawa kama kipo nyuma ya chandarua. Nilizoea. Lenzi ndiyo ilikuwa bado nzima. Nililala nayo, niliifuta kila Ijumaa kabla ya swala, na mvua ikinyesha nilikuwa tayari kulowa mimi kuliko ilowe yeye.

Ndipo dada akanipigia simu kutoka Barumbu.

"Mama iko mugonjwa," alisema. "Si ya leo, si ya kesho, mais anaisha. Anasema ukuje umupige picha."

Shangazi alimnyang'anya simu. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini amri ilikuwa ile ile.

"Mama," aliniita, kama alivyoniita tangu utoto, "niko na wajukuu wenye hawanijui, na wengine wako bado mu tumbo. Nisibakie jina tu. Jina ya bure, mutu haionaki. Kuya na ile kamera yako, unifanyie picha ya karatasi."

Nikamwambia kuna watu wenye simu nzuri hapo kwao, wampige haraka kwanza, halafu mimi nije polepole.

"Hapana. Picha ya simu iko ya mwenye simu," alisema. "Bakiiba simu, na miye baniiba."

Alisema kweli. Mkwe wake alimpiga picha moja nzuri kwa simu, amekaa na kikapu cha samaki, na simu ile iliibiwa kwenye soko la hapa mjini kabla hajaionyesha kwa mtu. Kadi yake ya kupiga kura nayo ilikuwa na uso, lakini unazijua kadi zetu, ukiitia jasho la mfukoni miaka michache unabaki na namba na kivuli. Na simu yangu mimi ililoweshwa na mvua nikiwa nyuma ya toleka, ile baiskeli ya abiria, na tangu hapo kamera yake huonyesha wingu tu. Kwa hiyo shangazi, mwanamke aliyejaza nyumba kwa sauti yake, hakuwa na sura popote duniani isipokuwa pale alipokaa mwenyewe.

Na kwetu hakuna kuchelewa. Majirani zetu Wakristo humlaza marehemu wao, humvika suti au gauni, na mara nyingi huniita nimpige picha hapo kwenye jeneza, hata ikiwa ndiyo picha yake ya kwanza. Sisi aliyekufa asubuhi jioni ameshazikwa. Anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, basi. Maiti hatumpigi picha. Kama hukumpata akiwa hai, humpati. Nililijua hilo nilipokata simu.

Nilitafuta dumu jeupe la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Nilikaanga mchele, nikautia kwenye soksi. Kamera niliivisha ushungi wangu wa zamani, nikailaza juu ya soksi, nikafunga kifuniko na kukizungushia utepe wa gundi mpaka dumu likaonekana kama mtu aliyevunjika shingo. Siku hiyo Kisangani ilikuwa imenyeshewa asubuhi na kuchomwa na jua mchana, hewa nzito mpaka unaitafuna. Sikulifikiria hilo. Nilifikiria maji ya nje, na maji ya nje hayangeweza kuingia.

Tulishuka na mto kwa baleinière, ile boti ndefu ya mbao, sisi na magunia na mbuzi na magodoro. Mvua ilitukuta tukiwa bado hatujafika Isangi. Turubai lilikuwa na matundu mengi kuliko turubai. Nilijikunja juu ya dumu, mgongo wangu ukawa paa, na maji yakapita kwenye nguo zangu yakifanya kazi yake. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na kikapu cha kwanga, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majanini, alinitazama muda mrefu.

"Mama, mutoto wako hapana kulia?" aliuliza.

"Iko analala," nikajibu.

"Umupe ziwa, safari ingali murefu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilitetemeka njia nzima, nikapata mafua, lakini kila nilipolipapasa dumu lilikuwa kavu kwa nje na utepe haujaachia. Nilijiona hodari. Sijawahi kujivuna hivyo na sitajivuna tena.

Nilimkuta shangazi amelala kwenye chumba chenye dirisha dogo. Alikuwa amebaki macho na mikono. Nilipoinama kumsalimia alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku.

"Umezeeka," alisema. "Picha iko wapi?"

"Nimefika sasa hivi, shangazi."

"Alors? Miye nimefika tangu zamani."

Nguo alikuwa ameshaichagua, kitenge cha manjano na ushungi mweupe, vimekunjwa kwenye mto karibu na kichwa chake. Lakini mle ndani hapakuwa na mwanga wa kutosha hata wa kutafuta sindano, na taa ya kamera yangu ilishakufa. Nilihitaji kumweka mlangoni, na mlangoni mvua ilikuwa inaingia. Tukakubaliana tungoje itulie. Niliweka dumu pembeni mwa kitanda alichonipa dada, nikajitupa hapo na nguo zangu zilizolowa nusu, na usingizi ukanichukua mchana kweupe.

Nilipoamka mvua ilikuwa bado inapiga bati. Maji yalidondoka kwenye miguu yangu, na mengine palepale nilipokuwa nimeweka dumu. Dumu lenyewe lilikuwa wazi. Utepe umekatwa vizuri kwa kisu, kifuniko kimelazwa kando. Uani kuku walikuwa wanakula mchele wangu wa kukaanga, wametulia kabisa, wanachagua.

Kitanda cha shangazi kilikuwa kitupu. Nilitoka mbio kwenda jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kibao, kanga mabegani, anapuliza moto mdogo na kukohoa. Juu ya moto kuna uchaga wa fito, mweusi kwa moshi wa miaka, na juu ya uchaga kambale wawili wakubwa waliokunjwa mviringo, mkia mdomoni. Katikati yao, juu ya jani pana la kufungia kwanga, kamera yangu.

Nilisimama mlangoni.

"Usikasirike," alisema bila kugeuka. "Ilikuwa inatoka jasho mu dumu. Niliona maji ndani, pembeni-pembeni, inashuka. Nikasema hii kitu itaoza mbele yangu. Na kule unalala kunavuya. Nyumba yote iko mayi, mama. Fasi kavu iko moya tu, hapa. Ndipo naweka chumvi, kiberiti, na mbegu ya mahindi."

Nikaangalia. Kweli, kwenye uchaga palikuwa na chumvi ndani ya kopo, kiberiti ndani ya nailoni, mahindi ya mbegu yamefungwa pamoja, na ile kadi yake ya kura isiyo na uso.

"Nimeigeuza," akaongeza. "Isiungue upande moya."

Nilikasirika. Niliona moto machoni, na kama angekuwa mtu mwingine ningemwambia maneno ambayo mto mzima ungeyasikia. Lakini hapo ningempigia nani kelele? Mgonjwa aliyeinuka kitandani mwenyewe, akalikata lile furushi langu la kipumbavu, akaivusha kamera uani kwenye mvua chini ya kanga yake, akakaa kwenye moshi na kifua chake kile, akipunguza moto na kuugeuza mzigo wangu kwa subira anayowapa samaki wake. Na alikuwa amesema kweli. Niliporudi kulitazama dumu, kuta zake zilikuwa na matone ndani. Hewa nzito ya Kisangani niliifungia humo kwa mkono wangu, ikasafiri nasi njia nzima ikitoa jasho juu ya lenzi, mimi nikiikinga na mvua.

Niliishusha kamera. Ilikuwa kavu, vuguvugu kama mkate. Tangu niinunue sikuwahi kuishika ikiwa kavu namna ile. Ilinuka kambale. Niliifuta mafuta ya moshi kwenye kioo cha mbele kwa pindo la ushungi wangu, nikawasha, ikawaka. Nikabonyeza, ikalia vizuri. Nilichungulia nikaona ukungu, lakini ukungu niliuona kila siku kwenye tundu lile, harusi zote nilizipiga kwa kuangalia ukungu na picha zikatoka safi. Hasira zikashuka. Nilikaa naye hapo jikoni, nikamwambia ahsante, akaniambia nikate kipande cha kambale nile, nimekonda.

Mvua ilipungua mchana uliofuata. Dada alimuogesha, akamvika kitenge, akamfunga ushungi, tukamkalisha kwenye kiti mlangoni, mkono mmoja gotini na mwingine umeshika mwimo wa mlango ili asiinamie upande. Nilipiga magoti kwenye tope.

"Nicheke?" aliuliza.

"Kama unavyopenda, shangazi."

"Nikicheka watasema bibi alikuwa mupumbavu. Nisipocheka wataniogopa." Akawaza. "Donc nitacheka kidogo."

Akacheka kidogo. Kuku akaja akasimama karibu na mguu wake, dada akataka kumfukuza, shangazi akasema amwache, naye ni wa nyumbani. Nilipiga nyingi. Nilipiga za uso, za kiti chote, za karibu na za mbali, nikabadilisha mahali nilipopiga magoti, nikangoja wingu lipite, nikapiga tena. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu zaidi ya siku ile. Alipoanza kuchoka, kichwa kikamwelemea.

"Umenipata?" aliuliza.

"Nimekupata."

"Vizuri?"

"Vizuri sana, shangazi."

"Bon," alisema. "Basi munirudishe."

Kabla sijaondoka aliniuliza nitaituma lini. Nikamwambia nikifika tu. Alisema nisiilete kwenye albamu. Tukacheka wote wawili, na ndivyo tulivyoagana.

Kisangani nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la kuchapishia picha, na harufu ya boti bado mwilini. Kijana wa duka alitia kadi ya kamera kwenye kompyuta, akafungua ya kwanza, akafungua ya pili, akanitazama.

"Madame, ulipiga mu moshi?"

Nilimwambia afungue nyingine. Akafungua zote. Kila moja ilikuwa na wingu jeupe, zito katikati, linalopungua kuelekea pembeni. Nilimpanga shangazi katikati kama ninavyowapanga mabibi harusi, uso wake mahali pa heshima, na mahali pa heshima ndipo wingu lilipokaa. Pembeni mambo yalionekana. Mwimo wa mlango ulionekana. Mkono wake ulioushika ulionekana, mishipa yote na pete. Pindo la kitenge cha manjano. Kuku alitoka vizuri sana, unaweza kumhesabu manyoya.

Nyumbani niliwasha tochi, nikaichungulia lenzi kutoka nyuma. Ndani, kati ya vioo ambako kidole wala kitambaa hakifiki, palikuwa na vitone vidogo vimejipanga, na nyuma yake utando wa rangi ya chai. Nikaelewa. Maji ya dumu yalikuwa yameshaingia kabla ya moto. Moto ukayafukuza kutoka kila pembe yalikojificha, yakakosa njia ya kutokea, na kamera ilipopoa kwenye hewa ya mvua yakatua juu ya vioo vya ndani. Moshi wa kambale ukayafuata. Nisingefunga dumu, mvua ya mto ingeiua. Shangazi asingelifungua, jasho lingeiua. Nimeizungusha habari hii kichwani mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mtu angefanya vingine ikapona, na sijapapata. Hilo ndilo linaloniumiza, maana kosa lingekuwa kitu cha kushika.

Sikukaa bure. Rafiki mmoja wa kazi alikubali kunikopesha kamera yake, mpya kidogo, yenye kioo kinachowaka. Nilifungasha siku hiyohiyo. Nilikwenda bandarini, boti ikawa injini yake imefunguliwa na vipande vyake vimetandikwa juu ya gunia. Wakasema kesho. Kesho yake wakasema kesho. Nilikuwa nimekaa juu ya mzigo wangu nikiwatazama wale mafundi, mvua ikitishia upande wa Lubunga ng'ambo ya mto, simu ilipolia.

"Tumemuzika," dada alisema.

Nilimuuliza lini.

"Sasa hivi. Mbele ya alasiri."

Nilisikia watu nyuma yake, na kuku. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba asubuhi walipomfunika kuna wakati alifikiria kumwomba mtoto wa jirani mwenye simu aje, ampige mara moja tu, uso tu. Akaona haya. Wanaume walikuwa wamekaa nje wanangoja, na maji ya kumuogeshea yalikuwa tayari.

"Nikasema hapana lazima," alisema. "Picha yako iko. Iko, ni kweli?"

"Iko," nilisema.

Ilikuwepo. Mtu aliyetoka kuzika hapewi habari ya wingu. Nilirudisha kamera ya rafiki yangu ikiwa kavu, haijatumika.

Nilirudi kwa kijana wa duka nikamwomba aliondoe lile wingu kwa kompyuta. Alihangaika nalo, namshukuru. Lilipokuwa jeupe akaligeuza la kijivu, lilipokuwa la kijivu likafanana na mvua. Mwisho akafuta mikono yake kwenye suruali na kunishauri kwa moyo mwema.

"Madame, tunaweza kumuwekea uso ya mutu mwingine. Mwenye anafanana naye. Bantu banafanyaka vile."

Niliwaza. Nasema ukweli, niliwaza, nikapitisha kichwani nyuso za wanawake wa familia yetu, nani ana mashavu yale, nani ana kicheko kile kidogo. Kisha nikakumbuka nguo iliyosimama bila mwenyewe kwenye albamu ya baba, na alivyocheka. Nikamwambia achapishe kama ilivyo. Nilichagua ile ambayo wingu lilikuwa jepesi zaidi, ambayo ukijua ushungi ulikuwa wapi unaweza kuuona ushungi. Akaivisha plastiki ngumu pande zote na kuzibana kwa moto ili unyevu usiingie. Niliitazama ile plastiki nikamwambia ahsante. Nikampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anashuka Barumbu.

Kamera sikuiuza, nani atainunua. Niliiweka juu ya kabati. Kwa muda ilinuka jiko la shangazi, na siku ambazo sikuwa na kazi nilikuwa naichukua nainusa, kitu ambacho sijamwambia mtu. Mvua zilipoanza tena niliichukua nikanusa, ikanuka kuvu, harufu ya kila kitu cha nyumba hii. Nikairudisha.

Dada alipiga simu baada ya arobaini. Alisema picha ilifika salama, haikulowa.

"Watoto wanauliza bibi iko wapi ndani," alisema. "Nawaonyeshaka mukono. Nawaambia angalieni pete. Mais wale wadogo, wao wanasemaka ni picha ya kuku."

Niliitazama kamera juu ya kabati.

"Weye unamuonaka?" aliniuliza.

"Namuona," nilisema. Na kweli mimi namwona, na yeye dada anamwona, kwa sababu tulikuwepo na tunajua uso ulikuwa wapi. Nilihesabu kichwani wengine wanaoweza kumwona, wakawa wachache, na wote ni watu wazima.

Nilimuuliza ameitundika wapi.

"Jikoni, juu ya moto," alisema. "Ukuta ya nyumba iko mayi. Juu ya moto, ndiyo fasi kavu."

Nilifungua mdomo kumwambia aitoe kwenye moshi. Nikaanza kufikiria pa kumwambia aipeleke, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, ile nyumba yote naijua, na sikupata mahali.